TUMWULIZE MGONJWA ANGALI ANAWEZA KUJIBU

(Haya ni mazungumzo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.)

NDUGU msikilizaji, asubuhi moja ya mwezi Juni, wakati ambapo baridi ya Sumbawanga huingia mpaka kwenye mifupa, tulimpakia baba yangu mdogo kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi upande wa Mpui. Kwa muda wa miezi mitano chakula kilikuwa hakipiti kooni. Alianza kwa kukataa ugali, akafikia uji, na mwishowe hata maji yalikuwa kazi kuyameza. Daktari aliyempima alikwisha kutuambia kwamba ni saratani, na kwamba imekwenda mbali.

Hata hivyo, ukoo ulikaa. Tukachanga. Ng'ombe watatu wakauzwa. Na mimi ninayezungumza nanyi ndiye niliyekuwa mshika fedha, na tena ndiye niliyeipigania zaidi safari ile. Niliona kwamba kumwacha nyumbani ni sawa na kumtupa.

Basi lilipofika Mpui, karibu kabisa na kwake, alitazama nje ya dirisha, kisha akanigeukia. Akaniuliza: "Mwanangu, kwani mnanipeleka wapi?" Nikamjibu: "Tunakwenda kutafuta uzima, baba." Hakusema neno tena. Alifariki siku ya tisa katika chumba cha kupanga cha ndugu yetu mmoja, mbali na mkewe, mbali na shamba lake, akiwa na maumivu ambayo vidonge vya dukani havikuweza hata kuyapunguza. Gharama ya kurudisha maiti ilikuwa kubwa kuliko yote tuliyotumia kwa matibabu.

Swali lake bado linanisumbua, maana ndilo swali ambalo sisi tulipaswa kumwuliza yeye: baba, wewe unataka twende wapi?

Ndugu msikilizaji, jambo hili wataalamu wamelifanyia uchunguzi wa miaka mingi. Ni utaratibu wa mgonjwa, familia yake na mganga wake kuzungumza mapema juu ya matibabu ya siku za mwisho, wakati mgonjwa bado ana akili zake na sauti yake. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliofanyika katika hospitali moja ya mjini Melbourne, Australia, kwa wagonjwa 309 wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Nusu yao walikaa na mtu aliyefundishwa kuwauliza matakwa yao. Nusu nyingine walitibiwa kama kawaida. Baada ya miezi sita wagonjwa 56 walikuwa wamefariki. Kati ya marehemu waliokuwa wameulizwa, asilimia 86 matakwa yao yalijulikana na kufuatwa. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 30 tu. Na ndugu waliobaki upande wa walioulizwa walikuwa na sononeko na wasiwasi pungufu kuliko wenzao.

Mtu atasema, hayo ni ya Wazungu. Basi tutazame karibu. Mwaka 2003 daktari wa familia kutoka Edinburgh, Scott Murray, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya mazungumzo na wagonjwa wa saratani wa sehemu mbili: 20 wa Scotland na 24 wa Meru, nchini Kenya. Wale wa Scotland walikuwa na dawa za kutosha za maumivu. Kilichowaumiza ni hofu ya kufa. Wale wa Meru walikuwa na watu, walikuwa na sala, walikuwa na majirani wa kuwaletea maji na kuni. Kilichowatesa ni maumivu ya mwili na mzigo wa gharama kwa familia zao.

Kwa hakika, ukiniuliza mimi, habari za Meru ni habari za Ufipa. Mgonjwa wetu hakosi mtu wa kukaa naye. Anachokosa ni dawa ya maumivu, na mtu wa kumwuliza anachotaka.

Sasa, nani amwulize? Katika nchi nyingine kila familia ina daktari wake, anayewajua tangu babu hadi mjukuu. Sisi daktari wetu wa familia ni tabibu au muuguzi wa zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, uliweka shabaha ya zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Muuguzi aliyekaa zahanati moja miaka kumi anajua nani ana kisukari, nani moyo umechoka, na binti yupi ndiye anayemuuguza mama. Madaktari wa familia wa Uingereza wamezoea kujiuliza swali moja jepesi: je, nitashangaa mgonjwa huyu akifariki katika miezi 12 ijayo? Kama jibu ni hapana, basi wakati wa mazungumzo umefika.

Mazungumzo yenyewe si ya kitaalamu sana. Unaelewa nini juu ya ugonjwa wako, na ungependa kuambiwa kiasi gani? Jambo gani linakutia hofu zaidi? Ukizidiwa, unataka kukaa wapi, hospitalini au nyumbani? Na ukishindwa kusema, nani akusemee? Wapo watakaojibu: nipelekeni Dar es Salaam, nitapigana mpaka mwisho. Hilo nalo ni jibu, na lina haki ya kuheshimiwa. Tena mgonjwa anaweza kubadili mawazo kesho, na asilaumiwe.

Lakini tusidanganyane kwamba fomu peke yake inatosha. Wamarekani walijifunza hilo. Uchunguzi wao mkubwa wa mwaka 1995, uliohusu wagonjwa mahututi zaidi ya 9,000 katika hospitali tano, ulionyesha kwamba kuwapelekea madaktari taarifa za matakwa ya wagonjwa hakukubadilisha chochote cha maana. Karatasi ilifika, ila mwenendo wa kazi ulibaki ule ule.

Aidha, kumwuliza mtu anataka kufia wapi bila kuwa na dawa ya kumtuliza ni kumfanyia mzaha. Hapa Uganda ni mfano wa kutazamwa. Mwaka 1993 daktari Mwingereza, Anne Merriman, ambaye alifariki dunia mwaka 2025, alianzisha mjini Kampala huduma ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Alitumia mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, ambayo mgonjwa hunywa nyumbani kwake kila baada ya saa nne. Ni dawa ya bei nafuu, na mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Madaktari walipoonekana hawatoshi, mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Hapa Tanzania kazi hii, ambayo wataalamu huiita tiba shufaa, ilianza na watu wachache. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na hospitali za Selian, Arusha, na Muheza, Tanga, ni miongoni mwa waliotangulia. Lakini pimeni wenyewe umbali. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Hata kufika hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya, ni zaidi ya kilomita 300. Na mgonjwa wa Mtowisa, chini kwenye bonde la Rukwa, au wa Kirando, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, lazima kwanza apande milima ndipo afike Sumbawanga. Barabara ya lami ya kwenda Tunduma imepunguza adha, lakini lami haipunguzi maumivu ya mtu aliyelala kwenye kiti cha basi. Huduma hii haina budi kumfuata mgonjwa, siyo mgonjwa kuifuata huduma.

Ndugu msikilizaji, najua pingamizi. La kwanza ni uchuro. Ukimtajia mzee habari za kufa, watu watasema unamtakia kifo. Na sisi wa mji ambao jina lake wenyeji hulieleza kuwa ni "tupa uchawi", tunajua maneno kama hayo yanaweza kufika wapi. Ndiyo sababu yafaa anayeanza mazungumzo awe mganga wa zahanati, akiwa amekaa na mgonjwa na wale aliowachagua mwenyewe, ili mzigo usimwangukie mtoto mmoja au mkamwana.

Pingamizi la pili ni kudhani kwamba huku ni kumharakishia mgonjwa kifo. La hasha. Kumwua mgonjwa, hata akiomba mwenyewe, ni kosa kwa sheria zetu. Kumpunguzia maumivu mtu anayekufa kwa ugonjwa wake ni jambo lingine kabisa.

Na kusema kweli, kuzungumza juu ya kifo si jambo geni kwetu. Sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963 inautambua hata wosia wa mdomo, mradi kuwe na mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Tunajua kuita mashahidi kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Kwa ajili ya mwili wa mwenye ng'ombe, hatumwiti mtu.

Mkulima wa Ufipa hajengi ntumba wakati wa kiangazi. Hukusanya majani na kuyafukia kwenye matuta yake mvua zikikaribia kuisha, udongo ukiwa bado laini, ili yaoze na kurutubisha shamba la msimu ujao. Akichelewa, jembe litagonga ardhi ngumu. Mazungumzo haya nayo yana msimu wake.

Ninyi mlioko mijini mnahusika zaidi. Ninyi ndio mnaotuma fedha kwa simu, na mara nyingi mwenye fedha ndiye mwenye uamuzi. Kabla hamjatuma nauli ya kumleta mzee mjini, ombeni kwanza mpewe simu mzungumze naye mwenyewe.

Mimi nilijifunza kwa kuchelewa. Mwaka jana nilikwenda kumwona mama yangu, ambaye moyo wake unamsumbua. Nilikaa naye jikoni, nikajikaza, nikamwuliza. Nilitazamia alie. Akageuza mahindi yake motoni, akaniambia kwamba anataka aelezwe ukweli, asiachwe na maumivu, asitolewe nyumbani ila kama daktari ana hakika ya kumponya, na wa kumsemea awe dada yangu mdogo, si mimi. "Wewe una haraka," akasema.

Alikuwa na majibu yote tangu siku nyingi, akingoja aulizwe.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.