Safari ya Wanachama Kwenda Ngome ya Yesu, Mombasa
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Kaloleni, Nairobi)



Halmashauri imetuagiza tueleze habari za safari yetu ya Mombasa. Wazee wengine waliuliza, nao waliuliza kwa haki: chama cha kusaidiana katika misiba na karo kina faida gani kupeleka watu kutazama kuta za Wareno?

Habari za treni na chakula tunaziacha. Ngome hiyo ilijengwa toka 1593 hata 1596 kwa ramani ya Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Wareno waliitaka ili kulinda njia yao ya bahari kwenda Bara Hindi. Mawe yenyewe ni matumbawe ya pwani yetu.

Juu ya lango pana maandishi ya Kireno, na hapo tulikawia sana. Yanamsifu Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635, kwa kuwatiisha watu wa pwani. Na mfalme wao yanamwita dhalimu. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa hila ya Wareno, naye akapelekwa Goa angali mtoto, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akaishika ngome hata 1632. Hatusemi alikuwa mpole, maana hata wanawake na watoto waliuawa. Lakini aliyeandika langoni ni adui yake.

Waomani waliizingira ngome toka Machi 1696 hata Desemba 1698, na waliomo ndani waliuawa na maradhi kuliko mizinga. Baadaye, toka 1895 hata 1958, Serikali ya Kiingereza iliifanya jela. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Zaidi ya miaka sitini ya jela, Wazee wetu! Wafungwa wale si watu wa kale. Ni baba na babu za watu wa leo, na majina yao hayamo langoni.

Kwa hiyo Halmashauri inaomba idhini ya kupeleka watoto ishirini wa Kaloleni, Makongeni na Bahati, likizo ya Desemba. Kila mtoto, kabla ya kuondoka, atawauliza wazee wa nyumbani kwao kama yuko jamaa aliyefungwa humo, na jina litaletwa kwa Mwandishi wa chama liandikwe. Hesabu ya nauli imo katika ukurasa wa tisa.