Kiwanda cha mafuta kikifufuliwa, maji taka yataenda wapi?

Wakenya wenzangu, ukisikia mwanasiasa akiahidi kufufua usafishaji mafuta Changamwe, uliosimama 2013, usipige makofi haraka. Kazi kwa vijana, sawa. Lakini kusafisha mafuta ghafi hutumia maji mengi, na yakitoka yana mafuta, fenoli na salfaidi. Hapo jirani ni bahari, na kuna wavuvi.

Kanuni za 2006 zilidai leseni ya NEMA, kisha kiwanda chenyewe kipime maji taka yake na kupeleka ripoti. Ni kama mshukiwa kujiandikia taarifa ya polisi!

Kwa hivyo muulize: nani atapima bila kupiga hodi? Matokeo tutayasoma wapi?

Na Katiba, kifungu cha 70, inakuruhusu kwenda kortini hata kabla hujaumia. Usingoje samaki waelee.