CD4 Imepanda: Je, Niache Dawa?

  Leo tuzungumze juu ya neno mnalolisikia sana kliniki: CD4.

Mama mmoja anayenyonyesha aliniuliza, "Sista, CD4 yangu imepanda na najisikia mzima. Mbona niendelee kumeza ARV?" Ni swali zuri. Sikiliza, mama.

Katika damu kuna chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili. Baadhi yake zina protini kwa nje iitwayo CD4. Protini kama hii huitwa kipokezi, na husaidia askari kumtambua adui. Ifikirie kama kufuli kwenye mlango wako wa mabati. Mwaka 1984, wanasayansi wa Ufaransa na Uingereza walionyesha kwamba virusi vya Ukimwi hupitia kufuli hiyo kuingia ndani ya askari na kumwua.

Baadaye wataalamu walitengeneza CD4 ya maabara. Walichukua maelekezo ya mwili ya kuunda protini hiyo, wakayaweka katika chembe zinazokuzwa maabara, nazo zikaitoa kwa wingi. Walitumaini virusi vingeshika kufuli hizo za bandia na kuwaacha askari wetu. Kwenye chupa za maabara ilifaulu. Wagonjwa walipopewa, haikuwasaidia, kwa sababu virusi vya wagonjwa vilikuwa sugu kuliko vile vya maabara. Leo protini hiyo hutumika katika utafiti wa chanjo na dawa.

Kwa hiyo, mama, hakuna CD4 ya kununua. Anayekuuzia unga au chupa ya "kuongeza CD4" anakula pesa zako za unga wa ugali.

CD4 yako imepanda kwa sababu ARV zinazuia virusi kuzaana, nao askari wanapata nafasi ya kuongezeka. Lakini virusi havijaisha, vimejificha. Ukiacha dawa, vitaongezeka tena, CD4 itashuka, na mtoto anaweza kuambukizwa kupitia maziwa yako. Ndiyo maana tangu 2016 hapa Kenya kila mwenye virusi huanzishiwa dawa bila kungoja CD4 ishuke.

Basi kumbuka haya:

Kwanza, meza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima.

Pili, uliza kipimo cha wingi wa virusi. Hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi.

Tatu, mpeleke mtoto apimwe akiwa na wiki 6, na umpe dawa ya kinga kama ulivyoelekezwa. Endelea na vipimo vyote hadi kliniki ikwambie vimekwisha.

Nne, mnyonyeshe maziwa yako pekee kwa miezi 6 ya kwanza.

Ukiwa umekwisha kuacha dawa, usione haya. Rudi kliniki leo, hatutakugombeza.

Yule mama alirudi kwenye dawa zake. Nawe usiziache. Kwaherini, tuonane kliniki.