Nani Atajibu?

Somo: 1 Wafalme 3:5–12



Huko Ugenya, kwa jirani zetu wa upande wa Siaya, alizaliwa mwaka 1944 Henry Odera Oruka, aliyekuja kuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wako wataalamu waliodai kwamba Mwafrika asiyejua kusoma hana falsafa. Oruka aliwaendea wazee vijijini, akakaa nao, akawauliza juu ya Mungu, mauti na haki, akayaandika majibu yao. Kitabu chake juu ya wazee hao kilitoka mwaka 1990. Yeye alifariki mwaka 1995.

Aliona kwamba wenye hekima ni wa namna mbili. Wa kwanza anazijua mila na methali za watu wake, naye huzirudia vizuri. Wa pili anazijua vilevile, lakini huzipima: hii ni kweli, na hii yatuonea. Naye yu tayari kusimama mbele ya ukoo wake na kutoa sababu.

Leo tuna mashine za akili bandia, hata katika simu zetu. Zimelishwa maandishi mengi mno ya wanadamu, zikafunzwa kukisia neno lifuatalo. Zinasaidia, tusizidharau. Lakini zinafanana na yule mzee wa kwanza. Tena yale ambayo wazee wa Bakhayo hawakuyaandika kamwe, mashine itayapata wapi?

Tuseme mjane anashurutishwa na shemeji zake auze shamba. Simu yaweza kumweleza sheria ya urithi. Lakini haitakwenda naye barazani, wala haitaona haya ushauri wake ukimponza. Siku ya kuulizwa mbele za Mungu, haitaitwa. Tutaitwa sisi tulio jirani zake.

Sulemani alipoambiwa aombe atakalo, hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba moyo wa kupambanua, apate kuwaamua watu. Moyo wa namna hiyo, wapendwa, hauuzwi dukani.

Basi juma hili mwendee mzee mmoja wa jirani. Usimwulize tu, "Wa kale walisemaje?" Mwulize, "Wewe mwenyewe waonaje, na kwa nini?" Kisha ujiulize nafsi yako.

Tuombe. Ee Bwana, utupe moyo wa kulipima neno, na ujasiri wa kulijibia. Amina.