SIKU TATU KATIKA MJI WA BUJUMBURA
(Maneno yaliyosemwa Uvira mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji)



Mwezi wa Agosti 2023 mlitutuma Bujumbura, makarani wawili na fundi mmoja, tukanunue pampu mpya kwa fedha mlizochanga wenyewe. Hesabu tutaitoa. Lakini twajua mwataka kwanza habari za mji, maana taa zake mwaziona kila usiku kutoka ufukoni hapa, na wengi wenu hamjapata kuvuka.

Tulionyesha jeto zetu Kavimvira, tukapita Gatumba, mahali ambapo mto Rusizi ulifurika mwaka 2020 na kuzifukuza jamaa nyingi majumbani mwao. Mjini kitu cha kwanza tulichokiona ni mstari wa magari pasipo mwisho. Yalikuwa yakingoja esansi. Wenye magari wengine walilala humo humo, na asubuhi akina mama waliwauzia chai dirishani. Katikati ya mji hatukuona baiskeli wala pikipiki za abiria. Zilikatazwa tangu Machi 2022. Basi watu walitembea kwa miguu, mabegi kichwani, na soko kuu lile liliungua Januari 2013. Jumamosi asubuhi kila kitu kilisimama kwa ajili ya kazi ya pamoja. Nasi, wageni, tulikaa kibarazani kama watoto walioadhibiwa.

Tulipanda pia kilimani kwenye kaburi la Prinsi Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Huyu ndiye aliyewaunganisha wafanya biashara wenyeji katika ushirika mwaka 1957.

Lakini moyo wetu ulibaki Buyenzi. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani, na kila uchochoro una gereji. Mzee mmoja, mikono myeusi kwa grisi, alikifungua kile kipande tulichokuja nacho, akakitazama, akauliza: “Wanangu, chujio liko wapi?”

Tukanyamaza.

Akasema, “Pampu yenu haikufa. Imeliwa na mchanga. Nikiwauzia mpya leo, mtarudi kabla ya Krismasi.” Angeweza kutuuzia, ndugu zetu, maana fedha alikwisha kuziona. Akatuuzia mpira wa kuzuia maji, gurudumu la ndani na chujio, akatulisha ndagala na ugali.

Sasa sikieni. Mwezi wa Mei mlisema kwamba vijana wa zamu ya usiku wameivunja pampu, na wawili wakakatwa mshahara. Si wao. Chujio liliondolewa kwa sababu lilikuwa likiziba na kuichelewesha kazi, na karatasi ya ruhusa tuliiandika sisi makarani, kwa mkono wetu. Tumekuja nayo.

Fedha zilizobaki ziko katika bahasha hii. Twaomba vijana wale wawili waje mbele wazihesabu, na walipwe kwanza.