Tovuti ya Jumuiya na Mwenye Ufunguo Wake



Wako wadhanio kuwa jumuiya isiyo na fundi wa kompyuta haiwezi kujijengea tovuti. Zamani ilikuwa hivyo. Hata baada ya CERN, huko Geneva, kuifungulia dunia mtandao wa Tim Berners-Lee bila malipo tarehe 30 Aprili 1993, aliyetaka kuandika ukurasa sharti ajifunze lugha yake ya alama. Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walitoa programu iitwayo WordPress, nayo ni bure kwa kila mtu. Tangu Desemba 2018 aitumiaye hupanga vipande vya maneno na picha kama mwashi apangavyo matofali. Awezaye kuandika barua kwa simu ataweza na hiyo.

Lakini programu kuwa bure si tovuti kuwa bure. Pana ada ya jina, ambayo hulipwa kila mwaka, na pana kodi ya mahali pa kuiweka.

Majina yaishiayo na .org, yaliyoanza mwaka 1985, hupendwa na jumuiya za kheri. Ieleweke kuwa hata tapeli aweza kulinunua; jina peke yake si ushahidi wa uaminifu. Novemba 2019 ilitangazwa kuwa Public Interest Registry, shirika liendeshalo majina hayo, lingeuzwa kwa wawekezaji wa Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135 za Marekani. Jumuiya nyingi zikapiga kelele, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, wakakataa kuridhia.

Hatari iliyo karibu zaidi, hata hivyo, imo ndani ya kamati zenyewe. Aghalabu kijana mmoja hujitolea, akasajili jina kwa baruapepe yake na kwa fedha zake. Ni wema mkubwa. Je, akihamia ng'ambo, au akifariki? Ada isipolipwa, jina huanguka. Mwingine hulinunua akaweka matangazo ya kamari, ilhali waumini wangali wakilijua kuwa ni la msikiti wao. Hakuna jumuiya ambayo ingeandikisha kiwanja cha waqfu kwa jina la yule aliyetumwa tu kulipa ada ofisi ya ardhi. Basi na jina hili lisajiliwe kwa baruapepe ya jumuiya. Wasimamizi wawe wawili au watatu, kila mmoja na neno lake la siri. Na tarehe ya ada iandikwe katika kitabu cha mikutano.

Ndani ya tovuti yawekwe majina ya viongozi, mahali ilipo ofisi, na hesabu za michango, iliyoingia na iliyotoka. Picha za yatima pamoja na majina yao zisiwekwe kabisa, hata mfadhili akiziomba. Picha nyinginezo zipunguzwe ukubwa kwanza, kwa kuwa wasomaji wengi watafungua kwa simu, na bando ni lao.