Nani Anakumbuka Utoto Wako?

Leo ninaongea na wewe mtu mzima ambaye tangu utotoni watu wanasema hueleweki.

Labda ukisalimiwa huwatazami watu machoni. Kelele za foleni ya chakula zinakuumiza mpaka unaondoka bila kupokea. Mtu akikutania, unadhani anasema kweli. Mpango wa siku ukibadilika, siku nzima imeharibika. Lakini kazi unayoipenda, tuseme kutengeneza redio, unaijua kuliko wengi. Majirani wanasema una dharau. Wengine wanasema umerogwa.

Inawezekana ni usonji, ambao wengine wanauita otizimu. Usonji si kichaa, si pepo, wala hauletwi na chanjo. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa maisha. Mtu haupati ukubwani, ila anaweza kufika ukubwani bila kuambiwa jina lake.

Hapo ndipo sisi wakimbizi tunapata shida. Wengi wetu tumepita vitani. Aliyepita vitani naye anaweza kuogopa kelele, kukwepa watu na kukaa kimya. Ukitazama kwa nje, hali hizi mbili zinafanana, na hakuna kipimo cha damu cha kuzitenganisha. Kwa hiyo daktari atakuuliza: kabla ya vita ulikuwaje? Ukiwa na miaka 3 au 5 ulikuwaje?

Mmoja wa watu wa kwanza kutambuliwa na madaktari kuwa na usonji ni Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1933. Baba yake alimwandikia Daktari Leo Kanner barua ya kurasa 33 kueleza tabia za mwanawe. Mwaka 1943 Kanner akachapisha habari za watoto 11, Donald akiwa wa kwanza. Donald alikua, akafanya kazi benki, akaendesha gari, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Barua yako wewe iko wapi? Iko kichwani mwa mama, shangazi, kaka mkubwa, au jirani mliyekimbia naye. Waulize wakiwa bado wapo. Nilianza kusema lini? Nilicheza na wenzangu au peke yangu? Nilikuwa napanga vitu kwenye mstari? Sokoni nililia? Andika majibu kwenye daftari. Kama ndugu amebaki Kongo au Burundi, mpigie simu. Kama hakuna aliyebaki, usikate tamaa, andika unayoyakumbuka mwenyewe.

Beba daftari hilo mpaka kituo cha afya, au anza kwa VHT wa kijiji chako. Omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Yeye ndiye atakayeona kama unahitaji rufaa ya kwenda hospitali kubwa ya Mbarara.

Utauliza: kama hakuna dawa ya kuuondoa usonji, jina litanisaidia nini? Fikiria mahojiano. Afisa anakuuliza, wewe unatazama sakafu, unajibu neno moja. Anaweza kudhani unadanganya. Ukiwa na karatasi ya daktari, mwonyeshe yeye na mkalimani kabla ya kuanza. Omba chumba kisicho na kelele, maswali mafupi, na muda wa kujibu. Na kama una huzuni, hofu au hulali usiku, hayo yana matibabu, yawe yametoka vitani au la.

Mama, bibi, mzee unayesikiliza: kijana wako akija na daftari, usimjibu kwamba hayo yamepita. Kaa naye, mweleze alivyokuwa. Unayoyakumbuka wewe hayamo kwenye faili lolote hapa Nakivale.